Levo ya Bosch GOL 32 D kwenye saiti za Kisumu: mashine nzuri, stafu ya kuangaliwa

Bosch GOL 32 D ni levo ya darubini inayojisawazisha yenyewe, chombo cha kulinganisha vimo vya sehemu mbalimbali za saiti, ile ambayo mafundi wa Kisumu huiita "mashine" tu na kila mtu akaelewa. Hukuza mara 32, usahihi unaotajwa na watengenezaji ni milimita 1 kwa mita 30, na husomeka hadi kama mita 120. Haitumii betri. Mara nyingi huuzwa kwa seti: mashine yenyewe, miguu mitatu ya alumini (BT 160) inayonyanyuka kutoka sentimita 97 hadi 160, na stafu, yaani fimbo ya vipimo inayosomwa kupitia darubini, ya alumini ya mita 5 (GR 500) yenye vipande vitano vya kuvutwa. Maoni yetu ni kwamba mashine ni nzuri sana, miguu inatosha mradi ujue udongo unaoisimamisha juu yake, na stafu ndiyo tungeibadilisha kabla seti haijaingia saiti yoyote yenye nyaya za stima juu.

Kwanza pesa. Ndugu zake wadogo ni GOL 26 D, yenye milimita 1.6 kwa mita 30, na GOL 20 D, yenye milimita 3. Kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ni kama mita 15 kwa 30, ukisimamisha mashine katikati hutasoma kona yoyote iliyo mbali zaidi ya mita 18. Kwa umbali huo 26 D inatosha kabisa, na fundi wa nyumba za kuishi hana sababu ya kulipia 32 D. Hii kubwa ni ya anayejenga shule, barabara za estate au mtaro mrefu wa maji machafu, anayesoma mita 40 au 50 na bado anataka kuona milimita.

Mpira wa maji, ule unaolinganisha vimo kwa usawa wa maji kwenye ncha zake mbili, haujafa, na tusiudharau. Hupita kona na kuingia vyumbani, kwa hiyo kuweka alama ya mita 1 kwenye kuta za ndani, ya kupimia madirisha na swichi, hakuna kinachoushinda. Ubaya wake ni povu la hewa lililojificha mahali mpira umejikunja, na jua. Safu ya maji ya mita 1 upande mmoja ikiwa na joto la digrii 10 zaidi ya upande wa pili, maji yatapishana kama milimita 3, na jua la saa saba mchana huku kwetu huleta tofauti hiyo bila shida mpira ukilala nusu kivulini, nusu juani. Kwa hadikoo (mawe yanayoshindiliwa chini ya slabu) na slabu ya nyumba nzima, chukua mashine. Leza inayozunguka nayo ni tamu kwa mtu anayefanya kazi peke yake, lakini mchana nje hutaona mstari wake bila kipokezi cha kushika kwenye stafu, na betri ikiisha kazi imesimama.

Sasa jambo ambalo ndilo hasa linaamua kama utaipenda mashine hii au utailaani. Milimita 1 kwa mita 30 ni ahadi ya siku inatoka kiwandani. Baada ya kusafirishwa kwenye keria ya bodaboda kutoka Kondele hadi Mamboleo, ahadi hiyo inahitaji kuthibitishwa upya, na cheti cha ukaguzi kilichobandikwa ndani ya sanduku hakithibitishi kitu kilichotokea baada ya tarehe yake. Jaribio lenyewe ni la dakika ishirini na halihitaji chombo kingine chochote. Chagua ardhi iliyo karibu tambarare. Piga pegi mbili imara, A na B, umbali wa mita 60. Simamisha mashine katikati kamili, mita 30 kutoka kila moja, usome stafu ikiwa juu ya kila pegi. Tuseme A ni 1.432 na B ni 1.187. Tofauti ya kweli ni 0.245, hata kama mashine imepotoka, kwa sababu kosa lililoingia upande mmoja limeingia sawasawa na upande wa pili, likajifuta.

Kisha hamisha mashine uipeleke nyuma ya B, mita 2 hivi, ukiwa kwenye mstari uleule. Soma B: tuseme 1.506. Kwa kuwa A iko chini kwa 0.245 (kisomo kikubwa ni mahali pa chini), unapaswa kuona 1.751 ukimtazama A. Ukiona 1.753 shukuru, endelea na kazi. Ukiona 1.772, mashine inakosea milimita 21 kwa mita 60, yaani milimita 3.5 kila mita 10. Rekebisho ni skrubu ndogo inayosogeza msalaba wa nyuzi unaoonekana ndani ya darubini, iliyo upande wa kioo cha kutazamia: izungushe robo robo kwa ufunguo mdogo, hadi uzi wa kati usome 1.751 kwenye A. Halafu rudia jaribio lote tangu mwanzo. Asiyeziamini mikono yake aiache skrubu hiyo. Afadhali apeleke mashine kwa fundi wa vyombo, na kabla hajaipeleka asimamishe mashine kila mara katikati ya mahali pawili anapolinganisha.

Kwa nini kelele yote hii kwa milimita? Chukua nyumba ya mita 10 kwa 12. Slabu ikizidi unene kwa milimita 20 pekee, hiyo ni mita za ujazo 2.4 za zege, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto) inameza karibu mifuko 15 ya simiti ambayo hakuna aliyeipangia bajeti. Ikipungua milimita 20, wavu wa chuma wa BRC ulio ndani ya slabu unabaki na kifuniko chembamba cha zege, na mwenye nyumba ataona nyufa kabla hajaona risiti ya mwisho.

Ndani ya darubini kuna pendulamu ndogo yenye prizimu. Ndiyo inayosawazisha mstari wa macho baada ya wewe kuleta povu la duara katikati kwa skrubu tatu za chini. Uwezo wake ni mdogo, dakika 15 za digrii (robo digrii) kila upande, hivyo povu likiwa nje ya duara pendulamu imeegemea ukuta na unachosoma ni uongo. Kuijua kama iko hai ni rahisi: tazama stafu, ugonge mguu mmoja kwa ncha ya kidole. Picha itatikisika, kisha uzi urudi palepale. Usiporudi, au ukizungusha skrubu ya chini kidogo tu na kisomo kikahama nayo, pendulamu imekwama. Mashine ya namna hiyo haifai hata kupima banda la kuku.

Kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko mashine mbovu ni la jicho. Lenga kwanza karatasi nyeupe, uzungushe kioo cha jicho mpaka nyuzi ziwe nyeusi kabisa, ndipo ulenge stafu na kuifanya ionekane wazi kwa kirungu cha pembeni. Sogeza kichwa juu na chini. Uzi ukionekana kupanda na kushuka kwenye stafu, hujamaliza, rudia. Kisha hakikisha unasoma uzi wa kati. Kuna nyuzi mbili fupi, moja juu na moja chini, na asiyezoea huzisoma hizo. Tumia hizo mbili kujikagua: ukisoma juu 1.482, kati 1.360, chini 1.238, wastani wa juu na chini ni 1.360, basi umesoma vizuri. Na bure umepata umbali: 1.482 kutoa 1.238 ni 0.244, zidisha kwa 100, stafu iko mita 24.4 kutoka kwako. Duara la digrii lililo chini ya darubini lina alama za digrii moja moja. Linafaa kukadiria, si kupiga kona ya nyumba. Kona piga kwa pembetatu ya 3, 4, 5 na tepu.

Udongo. Nyamasaria na uwanda wote wa Kano ni udongo mweusi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Miguu ya BT 160 ina ncha za chuma na vikanyagio, lakini kwenye udongo huo ukikanyaga karibu nayo asubuhi baada ya mvua, mguu unashuka na povu linahama ukiwa katikati ya visomo. Weka kila mguu juu ya kipande cha mbao kilichozikwa kidogo, au jiwe bapa, na msomaji asizunguke mashine kama mlinzi: asimame kati ya miguu miwili abaki hapo. Riat ni kinyume chake. Huko ni mwamba na mteremko, kwa hiyo miguu miwili iende upande wa bondeni na mmoja upande wa mlima, ukiwa umefupishwa, la sivyo upepo mmoja na mashine iko chini.

Alama ya kudumu ya kimo, ile BM, ndiyo inayoumia zaidi kwenye udongo mweusi. Pegi ya mbao iliyopigwa juu juu mwezi wa Februari haitakuwa kwenye kimo kilekile mvua za Aprili zikishaanza, na kila kitu ulichokipima kutoka kwayo kinahama nayo. Chimba hadi kwenye tabaka gumu, mwaga zege, uzike nondo ndani, nje kabisa ya njia ya malori. Weka mbili. Ya pili iwe kwenye kitu kilichokwisha kutulia, kama ukingo wa kalvati ya barabara au msingi wa jengo la zamani. Kila asubuhi soma zote mbili. Tofauti kati yao ikibadilika, simamisha kazi mpaka ujue ni ipi iliyohama.

Kazi yenyewe ya slabu inakwenda hivi. BM tuipe 100.000. Stafu juu yake inasoma 1.365, kwa hiyo mstari wa macho uko 101.365. Mchoro unataka uso wa slabu uwe 100.450, basi stafu ikisimama juu ya pini ya slabu (nondo fupi inayoonyesha uso wa zege utakapofika) lazima isome 0.915. Slabu ni milimita 150, hivyo uso wa vumbi la kwari chini yake, kabla ya nailoni ya kuzuia unyevu, usome 1.065. Vumbi lenyewe ni milimita 50, hivyo hadikoo iliyoshindiliwa isome 1.115. Hadikoo ikiwa milimita 300, chini ya chimbo isome 1.415. Namba hizo nne, 1.415, 1.115, 1.065 na 0.915, ziandikwe kwa kalamu nene kwenye kipande cha plaiwudi kilichogongomewa karibu na mashine, ili hata foremani akiitwa kupokea lori asiondoke nazo kichwani. Mashine ikiguswa au kuhamishwa, namba zote zinafutwa na BM inasomwa upya. Hapo ndipo wengi huanguka: mtu amegonga mguu na toroli, akalirudisha povu katikati, wakaendelea na namba za asubuhi.

Hadikoo ikaguliwe kila mita 3 pande zote, baada ya kushindiliwa na si kabla, maana tabaka lililomwagwa tu hushuka linaposhindiliwa. Pini za slabu zikae kila mita 2. Nondo fupi zilizosimama ni mikuki inayongoja mtu ajikwae, kwa hiyo zifunikwe vifuniko au zikunjwe vichwa mara tu zikitoka kwenye matumizi. Kwa bomba la maji machafu la inchi 4 kwa mteremko wa 1:40, mita 12 zinashuka milimita 300. Kisomo cha mwisho kiwe kikubwa kuliko cha kwanza kwa 0.300, na hapa kosa la uzi wa juu badala ya wa kati hurudisha maji chooni.

Kazi ikivuka vituo kadhaa, yaani mashine ikihamishwa mara kadhaa, andika kitabu na usitegemee simu. Jumla ya visomo vya nyuma (cha kwanza kwenye kila kituo) toa jumla ya visomo vya mbele (cha mwisho kabla ya kuhama), jibu lilingane na kimo cha mwisho toa cha kwanza. Hiyo inakagua hesabu tu. Ukaguzi wa upimaji ni kurudi ulipoanzia: kwa kazi ya kawaida ya majengo, kosa la kufunga lisizidi milimita 5 mara kipeuo cha pili cha idadi ya vituo. Vituo 4 ni milimita 10. Zaidi ya hapo, rudia. Na mahali pa kuhamishia stafu pawe juu ya kitu kigumu, msumari wa zege au bamba la chuma, kamwe si juu ya udongo uliokanyagwa.

Sasa stafu. GR 500 ni nyepesi, maandishi yake yanaonekana vizuri, na mgongoni ina milimita za kusomea karibu. Vitufe vya kila kipande viite "ta" vinapofunga. Kipande kisichofunga kinashuka milimita kadhaa huku msomaji akiamini anachokiona. Stafu iliyoinama digrii 5 kwenye kisomo cha mita 3 inaongeza milimita 11, kwa hiyo mshika stafu aangalie povu lake, au aitikise polepole mbele na nyuma, na msomaji achukue kisomo kidogo kuliko vyote. Jua likiwa kali, usisome sehemu ya chini ya nusu mita kutoka ardhini, kwani hewa inayochemka juu ya marramu huchezesha namba.

Lakini alumini inapitisha umeme, na hilo ndilo shtaka letu. Stafu ya mita 5 iliyobebwa wima na mtu anayetembea inafika zaidi ya mita 6 angani, na nyaya za volti 11,000 na 33,000 zinapita juu ya ploti nyingi za Kibos, Mamboleo na kandokando ya barabara ya Busia. Umeme wa kiwango hicho unaweza kuruka kabla stafu haijagusa waya. Kanuni yetu: ndani ya mita 10 kutoka mstari wa nyaya, ukipima ardhini kutoka chini ya waya kwenda pembeni, stafu haivutwi zaidi ya kipande cha kwanza, na kila mahali inabebwa ikiwa imefungwa na kulazwa. Nunua stafu ya faibaglasi kwa saiti hizo, na ujue kwamba ikilowa na kupakwa matope nayo si ya kuaminika. Wingu likijikusanya upande wa ziwa alasiri na ngurumo ikasikika, shusha stafu, acha miguu ilipo, watu waingie ndani ya gari au jengo. Magharibi yote, na Kakamega hasa, radi si jambo la mzaha, na mtu aliyesimama uwanjani na fimbo ya alumini ndiye mrefu kuliko vyote vilivyo karibu.

Hatari ya pili ya mshika stafu ni kutembea kinyumenyume. Macho yake yako kwenye mashine, masikio kwenye "panda kidogo, shusha, hapo hapo," na nyuma yake kuna shimo la choo au rola inayorudi. Awe na mtu wa kumwangalia nyuma pale mashine nzito zinapofanya kazi, avae koti la kuakisi na helmeti, na dereva wa rola ajue kwamba stafu ikisimama mbele yake, naye anasimama. Msiitane kwa kelele: mkono juu ni panda, mkono chini ni shusha, mikono yote miwili kando ni hapo. Mtaro wenye kina cha kufika kifuani usioegemezwa mbao mtu asiingie kushika stafu hata kwa dakika moja. Stafu ya mita 5 inashikwa kutoka juu ya ukingo, mbali na udongo uliorundikwa, ikielekezwa chini hadi kwenye sakafu ya mtaro. Udongo mweusi uliopasuka kwa jua huanguka kwa vipande vizima, bila dalili.

Darubini isielekezwe jua hata kwa bahati mbaya. Ukuzaji wa mara 32 unaunguza jicho kabla mwenyewe hajahisi maumivu. Mashine isimame mbali na njia ya matoroli, na miguu yake ikizungushiwa utepe mwekundu.

Kinga yake dhidi ya vumbi na maji ni IP54, inayostahimili manyunyu na vumbi la Nakuru, ila si mvua ya kumwaga. Ikilowa ifutwe kwa kitambaa laini, ikae nje ya sanduku usiku kucha mpaka ikauke. Ukiifungia mbichi, ukungu utaota ndani ya vioo. Kusafiri, mashine itolewe kwenye miguu irudi sandukuni, na kwenye boda sanduku likae mapajani mwa abiria, lisifungwe kwenye keria.

Kwa anayekodi badala ya kununua: kabla ya kulipa zungusha skrubu tatu uone hazilegei, gonga mguu, vuta stafu yote mpaka kipande cha tano, utazame kama kitako cha stafu hakijalika. Kisha omba dakika ishirini na mita 60 za barabara ya karibu. Mwenye duka akikataa, nenda duka lingine.